Kuponi ya mtandaoni ikidai uweke programu kwanza: kwa wenye steshenari za Mbeya na jirani zake

Kuponi ya punguzo ni karatasi, lakini kwa aliyeitoa ni fedha. Ikichapishwa mara hamsini na kugawiwa mtaani, kampuni iliyoahidi punguzo italipa mara hamsini. Ukurasa wa wavuti peke yake hauna namna ya kuzuia hilo. Ukiwa ndani ya kivinjari haujui printa yako ni ya aina gani, haujui kama karatasi imetoka au imekwama, wala hauwezi kukukatalia ukibonyeza Ctrl na P (amri ya kuchapisha) kwa mara ya tatu. Ndiyo maana wenye kuponi wakabuni programu inayokaa nje ya kivinjari, kwenye kompyuta yenyewe: inaitambua mashine, inahesabu nakala, kisha inatuma amri kwa printa moja kwa moja.

Kwa hiyo programu ya namna hii haiwezi kufanya kazi bila kukutambua, na kwenye kompyuta ya steshenari hapa Mwanjelwa, Kabwe au Uyole, anayetambuliwa si mtu mmoja. Mashine ile ile imechapisha fomu za mkopo za wanafunzi wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya), vyeti vya kuzaliwa, mikataba ya mashamba na nakala za vitambulisho vya NIDA vya watu wasiojuana kabisa.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Marekani, tovuti ya Coupons.com. Kwa kawaida kuponi moja iliruhusiwa kuchapishwa mara mbili kwa kila kompyuta, na programu yao iliipa kila kompyuta namba yake ya utambulisho. Mwaka 2007 mtafiti Benjamin Edelman alionyesha kwamba namba hiyo ilihifadhiwa kwenye mafaili na sehemu za rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio ya mfumo) zilizopewa majina yanayofanana na ya mfumo wenyewe, kiasi kwamba mtu wa kawaida angeogopa kuyagusa. Baya zaidi, mtumiaji akiiondoa programu, alama hizo zilibaki. Mwaka huo huo kampuni ilimshtaki mkazi mmoja wa California aliyeeleza hadharani namna ya kuzifuta, na kesi ikaisha kwa maridhiano mwaka 2008. Kuhesabu nakala ni haki ya mwenye kuponi, sina ugomvi na hilo. Kuficha alama kwenye kompyuta ya mtu kwa jina la kudanganya ni jambo jingine, na halina utetezi.

Karatasi nayo inabeba habari. Aprili 2010 gazeti la The New York Times lilieleza kwamba msimbopau wa kuponi za mtandaoni, ile mistari myeusi inayosomwa na mashine ya keshia, uliweza kufungamanishwa na utambulisho wa mteja, saa aliyoipata kuponi, hata maneno aliyoandika kwenye injini ya kutafutia. Ndiyo maana kutoa fotokopi ya kuponi hakusaidii: kila moja ina namba yake, nakala ya pili hukataliwa, au duka linaipokea na baadaye halirudishiwi fedha yake. Mteja akikuomba umtolee kopi kumi, mwambie hivyo.

Sasa tuje kwetu. Kuponi ya mtengenezaji wa bidhaa wa Marekani hulipwa kupitia mfumo wa marejesho wa huko huko. Hakuna keshia wa Soweto wala Miomboni, Iringa, atakayekupunguzia kitu kwa karatasi hiyo. Basi ukurasa unaomwambia mtu aliyeko Mbeya apakue programu ili achapishe kuponi una maelezo mawili tu: ama kuponi ni ya kweli lakini haina kazi hapa, ama hakuna kuponi na kinachotafutwa ni kukuwekea programu. Kwa vyovyote vile, mteja hapati punguzo na wewe unabaki na mzigo. Ushauri wangu kwa hali hii hauna masharti: kataa.

Kuponi zinazofaa huku, kama za hoteli, tiketi au mafunzo, karibu zote huja kama PDF, picha au namba ya kuonyesha kwenye simu. Hizo hazihitaji programu yoyote. Mteja akutumie faili, ulifungue, uchapishe, ulifute. Mwongozo ninaoutumia ni mwepesi: kama kitu kinafunguka kwenye kivinjari na Ctrl na P inakubali, hakuna sababu ya kuweka kingine.

Ikitokea kuna sababu ya kweli ya kuweka programu, usibonyeze faili kwanza. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu yake, fungua Properties, tafuta kichupo cha Digital Signatures. Kisipokuwepo, au jina la mtoaji halilingani na tovuti uliyotoka, futa. Kisha ipeleke faili hiyo ya programu kwenye VirusTotal, tovuti inayokagua mafaili kama yana virusi. Ipeleke programu tu, usithubutu kupandisha hati ya mteja huko, maana kinachopandishwa huweza kuonwa na wengine. Tengeneza restore point, yaani alama ya kuirudisha Windows ilivyokuwa, kabla ya kuendelea. Wakati wa kuweka, chagua Custom badala ya Express, kwa kuwa vibonyezo vya haraka ndivyo vinavyoingiza toolbar (upau wa ziada kwenye kivinjari), injini mpya ya kutafutia na matangazo ambayo hukuyaomba.

Windows ikikudai nywila ya msimamizi, simama ufikiri. Akaunti ya kawaida haiwezi kusoma mafaili ya akaunti nyingine wala kubadilisha folda za mfumo, lakini programu iliyopewa ruhusa ya msimamizi inaweza. Steshenari nyingi zinafanyia kazi zote kwenye akaunti moja ya msimamizi, na hapo ndipo tatizo kubwa lilipo. Tengeneza akaunti ya Standard (ya kawaida) kwa kazi za kila siku, nywila ya msimamizi akae nayo mwenye duka. Kazi hii haifiki dakika kumi. Kwenye toleo la Pro la Windows 10 au 11 kuna pia Windows Sandbox, Windows ndogo ya kujaribia programu ndani ya dirisha, ambayo hujifuta yote ukiifunga. Toleo la Home halina.

Tatizo jingine la mashine ya watu wengi ni hesabu yenyewe. Kikomo kikiwa nakala mbili kwa kompyuta, mteja wa kwanza na wa pili watapata, wa tatu ataambiwa amekwisha kuchapisha ilhali hajawahi. Karatasi ikikwama katikati au wino ukiisha, nakala hiyo huweza kuhesabika pia. Kuchapisha kwenda PDF ili kuokoa hali hakusaidii, kwa sababu programu hizi huzuia printa zisizo na mwili, yaani zinazotoa faili badala ya karatasi. Mteja atakulaumu wewe.

Kuondoa nako kuna hatua zake. Anza kwenye Settings, sehemu ya Apps. Halafu fungua Task Manager, kichupo cha Startup, kisha Task Scheduler (ratiba ya kazi zinazojiwasha), kisha viendelezi vya kila kivinjari. Autoruns, chombo cha bure cha Microsoft, huonyesha vyote vinavyojiwasha kwa pamoja. Ukificha vya Microsoft wenyewe, vinavyobaki ni vichache na unaweza kuvikagua kimoja kimoja. Chungulia pia folda zilizofichwa za ProgramData na AppData kama kuna folda yenye jina la programu hiyo. Rejista usiiguse kwa kubahatisha. Kama hujui ufunguo (ingizo la rejista) ni wa nani, rudisha ile restore point.

Kuna sehemu moja ambayo wengi hawaikumbuki kabisa: foleni ya printa. Kila hati inayochapishwa hupita kwenye folda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS kama mafaili ya SPL na SHD. Kwa kawaida hufutwa kazi ikiisha, lakini kazi zilizokwama hubaki, na kama Keep printed documents imewekewa tiki kwenye Properties za printa, sehemu ya Advanced, zinabaki zote. Programu yenye ruhusa ya msimamizi inazifikia. Ondoa tiki hiyo. Kusafisha, fungua services.msc (orodha ya huduma za Windows), simamisha Print Spooler, huduma inayoendesha foleni ya printa, futa yaliyomo ndani ya folda, usifute folda yenyewe, kisha iwashe tena.

Huduma hiyo hiyo ya Print Spooler ndiyo iliyokuwa na tundu la PrintNightmare mwaka 2021, lililomwezesha mshambuliaji kupata mamlaka ya juu kabisa ya mashine. Microsoft ilitoa kiraka cha dharura Julai mwaka huo. Aliyezima masasisho tangu kabla ya hapo ili kuokoa bando bado ana tundu hilo wazi. Na Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, basi kompyuta isiyoweza kupanda Windows 11 isipewe kazi ya kupakua vitu vya wateja.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu azilinde. Nakala ya NIDA iliyosahaulika kwenye Downloads ni taarifa ya namna hiyo. Kila jioni kabla ya kufunga duka, futa Downloads, futa Recycle Bin, na utoke kwenye WhatsApp Web ya kila mteja aliyeiacha wazi.