BAF haiwashi jeni, jamani

Slaidi ileile tena, safari hii kwenye semina hapa Moshi: BAF (kundi la protini linalosogeza nyukleosomu) inafika, kromatini (DNA pamoja na protini zinazoifungasha) inafunguka, jeni inawaka, makofi. Hapana.

BAF hutumia ATP kusukuma nyukleosomu, zile jozi 147 za besi za DNA zilizozungushwa kwenye protini nane za histoni. Ikisukumwa, inaacha mahali wazi au inaziba palipokuwa wazi. Familia za mashine za namna hii ziko nne: SWI/SNF (humo ndimo ilimo BAF), ISWI, CHD na INO80. Hayo yako vitabuni, tusonge.

Kwenye seli shina za kiinitete cha panya, BAF ina muundo wake: injini ni Brg1, si Brm, BAF155 ipo, BAF170 huikuti. Inakaa pamoja na Oct4 na Sox2, protini zinazodumisha ushina (hali ya seli kuweza kugeuka aina nyingine). Sasa angalia penye shabaha za STAT3, yaani jeni zinazoongozwa na protini hiyo: ondoa Brg1, Polycomb (protini zinazozima jeni) inaingia, H3K27me3 (alama ya kuzima kwenye histoni) inapanda, jeni zinazimika. Nenda kwenye jeni za Hox, zile zinazopanga sehemu za mwili: Brg1 hiyohiyo ndiyo inayoisaidia Polycomb kuzizima. Anayeandika "BAF huwasha" amesoma nusu ya data, tena ile nusu iliyomfurahisha.

Kinachoniudhi zaidi ni kufuta Brg1, kukaa siku kadhaa, kupima ATAC (kipimo cha mahali kromatini ilipo wazi), kisha kila badiliko kubebeshwa Brg1. Kufikia hapo Oct4 imeshashuka na seli zimeanza kugeuka. Unalinganisha aina mbili za seli! Tumia degroni, kipachiko kinachofanya protini ivunjwe haraka, na upime ndani ya saa chache. Kwa ATAC: seli 50,000, Tn5 (kimeng'enya kinachokata DNA iliyo wazi) nusu saa kwa nyuzi 37. Ukipunguza seli bila kupunguza Tn5, vipande vinakuwa vifupi mno na ngazi ya nyukleosomu, yaani vipande vya urefu wa nyukleosomu moja, mbili, tatu, inapotea. Seli zilizokufa ni balaa jingine: DNA yake iko uchi, Tn5 inakata popote. Umeme ukikatika na inkubeta ikapoa, usilazimishe jaribio. Yeyusha kichupa kingine.

NuRD nayo, kundi jingine linalosogeza nyukleosomu? Mwaka 2013 ilidaiwa kwamba Mbd3, sehemu yake mojawapo, ikipunguzwa, karibu seli zote za mwili zinazorudishwa nyuma hufika ushina. Mwaka 2014 maabara nyingine ikaonyesha kuwa bila Mbd3 kazi hiyo inadorora. Vitabu huchagua upande na kunyamaza. Mimi bado sijashawishika na upande wowote: kupunguza si kufuta, na seli za kuanzia hazikuwa zilezile. Ukininukulia mojawapo, niambie kwanza Mbd3 ilibaki kiasi gani.