Linki za saiti: yale watu wanaambiwa na vile mambo iko

Kuna hii imani imeenea sana kwa watu wanatengenezea wenye maduka saiti hapa Nairobi, ati ukijaza maneno mengi kwa linki, yaani anwani ya ukurasa, Google itakupandisha juu mtu akitafuta, ndio unapata duka la barabara ya Luthuli liko na ukurasa unaitwa /simu-bei-nafuu-simu-nairobi-nunua-simu-poa. Si kweli. Maneno ya kwenye linki yana uzito mdogo sana, Google wenyewe wameshasema, kazi inafanywa na yale umeandika kwa ukurasa. Mteja akitumiwa hiyo linki WhatsApp anadhani ni wakora. /simu/chaja-za-gari inatosha kabisa.

Wengine wanasema linki yenye alama ya kuuliza, kama ?id=482, Google haiisomi. Inaisoma vizuri tu! Shida inakuja bidhaa moja ikiwa na linki kumi juu ya rangi, saizi na bei, hapo roboti ya Google, ile programu inapitia kurasa, inazunguka ikisoma kitu kilekile, na binadamu naye akiangalia hiyo 482 hajui anapelekwa wapi.

Kistari cha katikati (-) na cha chini (_) pia si kitu kimoja, tumia cha katikati. Na herufi ndogo kila mahali, manake /Chaja na /chaja zinahesabiwa kurasa mbili.

Sasa hii ndio inaniuma zaidi: mtu anaambiwa linki zake za zamani ni chafu, zibadilishwe zote ndio apande. Jamani, kama linki inafanya kazi iache! Tim Berners-Lee, aliyeanzisha wavuti, aliandika tangu 1998 kwamba anwani nzuri haibadiliki, na ukifikiria ni kweli, hiyo anwani iko kwa risiti, kwa stika ya dirishani, kwa magrupu ya WhatsApp ya wateja wa miaka mingi, na hakuna mtu ataenda kuzirekebisha huko. Kama ni lazima ubadilishe, weka ridairekti ya 301, yaani maagizo ya kudumu ya kumpeleka mtu kutoka anwani ya zamani hadi mpya, kila ukurasa wa zamani uende kwa mwenzake mpya, si zote kutupwa ukurasa wa mbele, juu Google inaweza kuzichukua kama kurasa zimepotea. Halafu usiiondoe baada ya wiki mbili, Google wanashauri angalau mwaka mmoja, mimi nasema iache milele kama unaweza. Na yule anakutisha ati 301 inapunguza nguvu ya ukurasa, Google walishasema 2016 haipunguzi.

Kuhusu .com kushinda .co.ke, hapana, .co.ke inaambia Google wewe unalenga Kenya, na kama wateja wako ni wa hapa hiyo ni faida yako.

Kama ndio unaanza na WordPress, ingia kwa setingi za pamalinki (permalinks, mahali pa kuamua linki zitakaaje) uchague jina la makala badala ya namba, na ufanye hivyo kabla hujaweka ukurasa hata mmoja.