Maonyesho ya Magari ya Tokyo: Kodi na Vipimo Nyuma ya Gari Unaloliona

Maonyesho ya kwanza ya magari ya Japani yalifunguliwa Aprili 20, 1954, katika bustani ya Hibiya jijini Tokyo. Yalipangwa magari 267, na ya abiria yalikuwa 17 tu. Mengi ya yaliyobaki yalikuwa malori, mabasi, pikipiki na vigari vya mizigo vya magurudumu matatu. Hata hivyo watu wapatao 547,000 walifika, wengi wao wakiwa hawana uwezo wa kununua hata kimoja cha vyombo vile. Ndiyo maana ninapoifuatilia historia hii, uzuri wa bodi nauweka nyuma. Kwanza natazama sheria za mwaka husika, kisha mfuko wa mnunuzi.

Mwaka 1966, maonyesho yakiwa Harumi, Tokyo, mfuko ulikuwa umeshatuna. Corolla ya Toyota ilikuja na injini ya cc 1,077, wakati Sunny ya Nissan, iliyotangulia miezi michache, ilikuwa na cc 988. Toyota iliifanya tofauti hiyo kuwa tangazo: cc 100 za ziada! Kisha ikaja shida ya mafuta ya 1973. Mwaka 1974 maonyesho hayakufanyika, na yaliporudi 1975 yakawa ya kila baada ya miaka miwili.

Kwangu mimi mwaka mkubwa kuliko yote ni 1989, maonyesho yalipohamia ukumbi wa Makuhari Messe, mkoani Chiba. Kabla ya hapo, gari lililozidi urefu wa mita 4.7, au upana wa mita 1.7, au injini ya cc 2,000, lilipanda daraja la kodi. Kuzidi kipimo kimoja tu kulitosha. Aprili 1989 kodi ya mwaka ikaanza kufuata ukubwa wa injini pekee, na wabunifu wakapata nafasi ya kupanua bodi.

Katika maonyesho hayohayo Toyota ilionyesha gari la mfano lililoitwa RAV-FOUR. Lilichukua miaka mitano kufika sokoni. RAV4 ya 1994 ilikuwa na injini ya 3S-FE ya cc 1,998 na upana wa milimita 1,695. Yaani, hata baada ya sheria kulegea, ilibaki ndani ya vipimo vya zamani. Barabarani kwetu bado zipo: kwa namba ya modeli, SXA10 ni ya milango mitatu, SXA11 ya mitano. Magurudumu yote manne yanavuta muda wote, kwa hiyo usifunge tairi moja jipya pamoja na matatu yaliyolika. Kipenyo kikitofautiana, difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, hufanya kazi bila kupumzika, hupata joto na kuisha mapema.

Idadi ya watazamaji ilivuka milioni 2 mwaka 1991, ikashuka hadi 614,400 mwaka 2009 baada ya uchumi kuyumba. Ya 2021 yalifutwa kwa sababu ya korona, na 2023 yakarudi kwa jina jipya, Japan Mobility Show.

Tahadhari moja kwa wanaopenda magari ya mfano: umbo hubaki, vyuma vya ndani hubadilika. Prius, haibridi ya Toyota (gari la injini na mota ya umeme), ilipoonyeshwa 1995 ilihifadhi umeme kwenye kapasita badala ya betri na ilitumia giabox ya CVT ya mkanda, isiyo na gia za hatua. Iliyouzwa kuanzia Desemba 1997 ilikuwa na betri ya nikeli na gia za sayari (gia ndogo zinazozunguka gia ya katikati) zinazounganisha injini ya cc 1,500 na mota. Mfumo huo wa gia, pamoja na maboresho yake, ndio fundi anaoukuta mpaka leo akifungua haibridi nyingi za Toyota.