Kabla ya Kununua Divai Isiyo na Kileo, Geuza Chupa

Msimu wa harusi na vipaimara unapokaribia, sisi wa dawati la elimu ya lishe hupokea swali lile lile kutoka kwa wanakamati wa sherehe: mezani kutakuwa na wajawazito, Waislamu, walokole na watu waliokatazwa pombe na daktari, je, inunuliwe divai gani isiyo na kileo? Jibu linaanzia mahali ambapo wanunuzi wengi hawaangalii, yaani kwenye maandishi madogo yaliyo nyuma ya chupa. Upande wa mbele umewekwa kwa ajili ya kuvutia macho, na kwa kweli unaifanya kazi hiyo vizuri.

Tuchukue mfano wa chupa mbili zilizosimama bega kwa bega kwenye rafu ya supamaketi. Zote ni za rangi ya kijani iliyokolea, zote zimefungwa kizibo kwa waya na kuvishwa karatasi ya dhahabu shingoni, na zote zina picha ya kichala cha zabibu. Ukizigeuza, ya kwanza imeorodhesha maji, juisi ya zabibu, sukari, asidi ya sitriki na gesi ya kaboni. Ya pili inaanza na divai iliyoondolewa kileo, ambayo kwa Kiingereza cha lebo huandikwa "dealcoholised wine". Ile ya kwanza haijawahi kuwa divai hata siku moja, bali ni juisi iliyotiwa gesi na kuvalishwa mavazi ya harusi. Si kinywaji kibaya, na kwa watoto ndiyo inayofaa, lakini haipaswi kuuzwa kwa bei ya ile ya pili, kwa kuwa hakuna gharama ya kuchachusha wala ya kuondoa kileo iliyoingia humo.

Divai halisi isiyo na kileo hutengenezwa kama divai nyingine zote: zabibu hukamuliwa, hamira hugeuza sukari yake kuwa kileo, kisha kileo hicho huondolewa. Kwa hali ya kawaida kileo huchemka kwenye nyuzi joto 78 hivi, joto ambalo lingeiharibu ladha, lakini hewa ikipunguzwa ndani ya mtambo huchemka kwenye nyuzi 30 hivi. Njia nyingine ni kuisukuma divai kwa nguvu kupitia utando mwembamba sana unaopitisha maji na kileo na kuzuia sehemu kubwa ya rangi na ladha. Carl Jung, mtengenezaji wa divai wa Rüdesheim nchini Ujerumani, aliipatia hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, njia ya kupunguza hewa mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hiyo ufundi huu si wa jana.

Pamoja na ufundi wote huo, kileo kikiondoka hakiondoki peke yake, kwani ndicho kinachobeba harufu na kuipa divai uzito mdomoni. Divai nyekundu ndiyo inayoumia zaidi, maana tanini zake, zile zinazokausha ulimi kama chai ya rangi iliyokaa sana, hubaki bila cha kuzituliza. Kwa sababu hiyo, anayenunua kwa mara ya kwanza namshauri aanze na nyeupe ya zabibu zenye harufu kali, kama Riesling, Muscat au Sauvignon Blanc, au achukue yenye gesi, kwa kuwa mapovu hujaza nafasi ambayo kileo kimeiacha.

Watengenezaji nao wana namna yao ya kuijaza nafasi hiyo, nayo ni sukari. Hapa ndipo msomaji wa lebo anapaswa kukaa muda mrefu zaidi. Tuseme jedwali la lishe linaonyesha gramu 14 za sukari katika kila mililita 100. Glasi moja ya mililita 150 itakuwa na gramu 21, ambazo ni vijiko vidogo vitano hivi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari ya namna hii isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na linapendekeza kushuka hadi chini ya asilimia 5, kiasi ambacho kwa mtu mzima ni gramu 25 hivi. Glasi moja tu ya kupongeza maharusi inakaribia kukimaliza. Kwa mgonjwa wa kisukari, maneno "haina kileo" yasichukuliwe kuwa ruhusa, na kwa yeyote yule, chupa yenye gramu 5 au pungufu katika mililita 100 ndiyo ya kutangulizwa.

Asilimia ya kileo nayo inahitaji macho makini, kwa sababu neno moja halina maana moja kila nchi. Marekani huita "non-alcoholic" kinywaji chenye kileo chini ya asilimia 0.5, na Ujerumani huruhusu neno "alkoholfrei" mpaka kiwango hicho hicho, ilhali mwongozo wa Uingereza umeliweka "alcohol-free" kwenye asilimia 0.05. Ni vyema kutafuta tarakimu yenyewe. Asilimia 0.5 ni kidogo sana, kwani ingehitajika glasi 25 kufikia kileo cha glasi moja ya divai ya asilimia 12.5, lakini kidogo si sifuri. Mjamzito achague iliyoandikwa 0.0. Aliyeacha pombe baada ya kutawaliwa nayo azungumze kwanza na mshauri wake, kwa sababu harufu peke yake inaweza kuamsha kiu ya zamani. Kwa Mwislamu suala haliishii kwenye tarakimu, kwa kuwa kinywaji hicho kilikuwa divai kamili kabla ya kuondolewa kileo. Mwenye wageni wa imani hiyo afadhali anunue juisi ya zabibu isiyochachushwa, yenye nembo ya halali. Nasi tunaolima zabibu Dodoma, ambako mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, hatuna sababu ya kuionea aibu juisi.

Jambo la mwisho la kukagua ni tarehe ya mwisho ya matumizi. Watu wamezoea kwamba divai hukaa miaka, lakini kinachoilinda ni kileo, na hii haina. Usinunue chupa iliyopigwa na jua dirishani mwa duka, na ile uliyonunua ukishaifungua irudishe kwenye friji na kuimaliza ndani ya siku mbili tatu. Itolewe ikiwa baridi, hata nyekundu, kwa sababu ubaridi hufifisha utamu uliozidi. Kamati inayotaka kuagiza katoni nzima inunue kwanza chupa moja moja za aina tatu, izipoze, kisha izionje pamoja na pilau na nyama choma vitakavyoandaliwa siku hiyo, maana divai iliyopendeza ikionjwa peke yake inaweza kugeuka sharubati mbele ya chakula.