Je, wajua kwa nini ukibadilisha “nakala” katika Python, cha asili nacho hubadilika?

Anayeanza kujifunza lugha ya programu inayojengwa juu ya vitu (yaani vifurushi vya data vinavyokaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta), kama Python au Java, hukutana mapema na alama ya sawasawa (=), na kwa kuwa ameizoea tangu hesabu za shule ya msingi, haoni haja ya kuihoji. Mimi nami sikuihoji. Nilikuwa nikiandika programu ndogo ya kumsaidia shangazi yangu, anayeuza dagaa wakavu katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, ili aweze kuona idadi ya magunia yake siku kwa siku. Nilichukua rekodi ya jana, nikaipa jina la leo, nikaongeza magunia manane. Nilipoifungua tena rekodi ya jana, nayo ilikuwa imeongezeka manane. Kwa siku mbili nilitafuta kosa mahali ambapo halikuwapo, kwa sababu niliamini kwamba alama ile hutoa nakala.

Haitoi nakala. Hii ndiyo mistari yenyewe, baada ya kuondoa yote yasiyohusika; Rekodi(20) huunda rekodi yenye magunia 20, na print huonyesha kilichomo:

jana = Rekodi(20)
leo = jana
leo.magunia = 28
print(jana.magunia)

Mstari wa mwisho huonyesha 28. Ili kuona sababu yake, tuchukue mtumbwi mmoja unaoelea karibu na ufuko wa Kirumba, umefungwa kamba ambayo ncha yake ya nchi kavu ina kibao kilichoandikwa “jana”. Mstari wa kwanza uliunda mtumbwi huo na kuufunga kamba hiyo. Mstari wa pili haukuchonga mtumbwi mwingine. Ulifunga kamba ya pili, yenye kibao cha “leo”, kwenye mtumbwi uleule. Mtu akiuvuta kwa kamba ya leo na kupakia magunia manane, kisha mwingine akauvuta kwa kamba ya jana, atayakuta magunia yote, kwa kuwa majini kuna chombo kimoja tu. Siku kamba zote zitakapofunguliwa, Python itauondoa mtumbwi huo kwenye kumbukumbu ya kompyuta.

Dhana ya nakala ni ngumu kung'oka kwa sababu namba huonekana kuitetea. Ukiandika x = 5, kisha y = x, kisha y = y + 1, x hubaki 5. Mwanafunzi huhitimisha kwamba kuna sheria mbili, namba hunakiliwa na vitu vingine hushirikiwa, na hata mimi nilipokwisha kuelewa habari ya kamba niliendelea kuishika imani hiyo kwa muda mrefu. Katika Python sheria ni moja. Namba 5 ni kitu kama kitu kingine chochote, ila haibadiliki kwa ndani. Hesabu ya y + 1 huleta kitu kingine, yaani 6, kisha kamba ya y hufunguliwa kutoka kwenye 5 na kufungwa kwenye 6. Kwa hiyo inafaa kutofautisha kupakia mzigo ndani ya mtumbwi na kuhamisha kamba. Kama ningeandika leo = Rekodi(28), ningekuwa nimehamisha kamba, na jana ingebaki na magunia yake 20. Mwenye shaka aandike print(jana is leo): jibu likiwa True, majina yote mawili yanashika kitu kimoja.

Maelezo haya yasibebwe kila mahali bila uangalifu. Katika Java, kigeu (jina linalopewa thamani) cha aina ya int, yaani namba kamili, hushika namba yenyewe, na vitu tu ndivyo hushikwa kwa kamba. Katika C++, alama hiyohiyo, ikitumiwa kati ya vitu viwili, kwa kawaida hunakili kweli.

Linalonivutia zaidi ni kwamba utata huu haukuwapo mwanzoni. Simula 67, lugha iliyotangulia zote za ukoo huu, iliyobuniwa Oslo, Norwei, na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, ilikuwa na alama mbili: := kwa kuweka thamani, na :- kwa kuelekeza jina kwenye kitu. Mwanafunzi wa wakati ule aliiona tofauti kwa macho kabla hajafafanuliwa. Python, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991, ina alama moja, na kwa maoni yangu ndiyo maana wanaoanza hujikwaa papo hapo.

Anayetaka nakala ya kweli sharti aiombe, na hapo pia pana hatua mbili. Niliagiza copy.copy(jana), amri ya Python ya kunakili, nikapata mtumbwi mpya. Magunia yakaacha kuchanganyika. Lakini rekodi ilikuwa na orodha ya wateja ndani yake, na nilipomwongeza mteja wa leo, alijitokeza pia katika jana. Nakala ya aina hiyo huunda chombo kipya, kisha hufunga ndani yake kamba zilezile zilizokuwa ndani ya cha kwanza, hivyo mitumbwi ilikuwa miwili na orodha moja. Nilipobadilisha kuwa copy.deepcopy(jana), inayonakili hadi vilivyomo ndani, orodha zikawa mbili, na jana ya shangazi ikabaki na magunia 20 na wateja wake walewale.