Mtaa bila magari: zimamoto watapita wapi?

Kila ninapopendekeza mtaa mmoja wa biashara hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, tuseme ule wa kuingilia soko la Kadutu, uachiwe watu wa miguu, hakosi mzee wa kuniuliza: "Moto ukiwaka, zimamoto watapita wapi?" Namrudishia swali: Baba, leo wanapita wapi? Teksi zimeegeshwa pande zote, motari wa pikipiki wanangoja abiria katikati, lori linashusha mifuko ya unga. King'ora kikilia, watu husogea. Gari ambalo dereva wake ameenda kula halisogei.

Ninachokiogopa mimi ni vitu tunavyoweka baada ya kuyaondoa magari: matofali makubwa ya zege mdomoni mwa mtaa, meza zilizochimbiwa chini, maturubai yaliyofungwa kutoka duka hadi duka. Kanuni za Ufaransa nilizosomea zinataka njia ya zimamoto iwe na upana wa mita 3 zilizo wazi na kimo cha mita 3.5, na kwenye kona nusu-kipenyo cha ndani kisipungue mita 11. Gari la zimamoto lenye ngazi linadai zaidi: upana wa mita 4. Chora mstari wa rangi chini, muuzaji ajue meza yake inaishia wapi. Turubai liwe la kukunjwa kwa mkono mmoja.

Halafu kuna uzito, jambo ambalo karibu kila mchoro ninaoletewa unalisahau. Kanuni hizo hizo zinataka njia ibebe tani 16 hivi. Maji peke yake ndani ya gari, lita 4,000, ni tani 4. Sasa tazama mifereji yetu: kila mwenye duka amejimwagia kibamba chake cha zege juu ya mfereji, kingine na nondo, kingine bila. Wateja wanapita juu yake miaka na miaka, kisha usiku mmoja gurudumu la nyuma linatumbukia, na gari lililokuja kuzima moto linakuwa ndilo linaloziba mtaa. Ukinipa pesa kidogo, nitaanza na mifereji kabla ya maua na mabenchi.

Huko Pontevedra, Uhispania, walianza kuyafungia magari katikati ya mji mwaka 1999, na ambulansi zinapita. Ufaransa huweka nguzo za kung'oka, zinazofunguliwa kwa ufunguo wa pembetatu ambao zimamoto wanatembea nao. Kufuli ya kawaida siitaki: ufunguo utakuwa kwa mlinzi, na mlinzi atakuwa nyumbani.

Kwenye miteremko mikali ya Kadutu, kanuni zote hizi zinagonga mwamba. Njia ikizidi mwinuko wa asilimia 15, au ikigeuka ngazi, gari halifiki hata ukiifagia barabara nzima. Hapo ninaomba bomba la maji la zimamoto juu ya kilima, gari lisimame pale, mipira ya maji ya mita 20 iunganishwe kushuka hadi kwenye nyumba za mbao.