Babu yako hakukaa bure kwa setla

Nikisikia tena mtu akisema "babu alikuwa anakaa bure tu kwenye ranchi ya mzungu" nitaanza kutoza ada ya kunikera. Kazi yangu ni kusaidia familia kufuatilia wazee wao waliofanya kazi kwenye mashamba makubwa ya ng'ombe huku Bonde la Ufa la Kenya, kuanzia Naivasha na Elmenteita mpaka Njoro na Laikipia, na karibu kila mjukuu anaingia na hiyo hadithi, ati skwota, yaani Mwafrika aliyeishi, kulima na kufuga kwenye shamba la mzungu, alivamia shamba, akajenga, akalisha ng'ombe wake nyasi za mwenyewe, kisha siku moja mwenyewe akachoka akamfukuza.

Sasa sikilizeni. Masetla wa mwanzo, yaani wazungu wenye mashamba wa enzi ya ukoloni, walikuwa na ardhi kubwa ajabu, lakini pesa hawana na watu wa kazi hawana. Nyasi walikuwa nazo mpaka za kumwaga. Kwa hiyo mtu akitoka Kiambu au Nyeri na ng'ombe zake na mbuzi zake, ambako malisho yalikuwa yamebana, alikaribishwa vizuri tu, lete mifugo, lima kipande chako, halafu unifanyie kazi. Hayo ni makubaliano. Uvamizi uko wapi hapo?

Na mwaka 1918 ikatoka sheria kabisa ya hawa wafanyakazi wakaazi, ikasema lazima skwota amfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, na kulipa kodi ya pesa badala ya kazi ikapigwa marufuku. Yaani hata ungekuwa na hela zako mkononi useme mimi nalipa ukaazi niachwe nifuge kwa amani, hairuhusiwi, walitaka mikono yako. Tena si baba peke yake, kijana wa kiume akishafika miaka 16 na anaishi pale naye anahesabiwa, na kazi ikizidi mama na watoto wanaitwa pia. Mshahara wa skwota ulikuwa chini ya wa kibarua wa kawaida kwa sababu setla alishapiga hesabu ya nyasi na shamba ndani yake. Ndio maana nasema alilipa, alilipa kila mwezi na wala hakupewa risiti.

Halafu inakuja sehemu ambayo watu hawataki kuisikiliza mpaka mwisho. Utajiri wa skwota haukuwa ule mshahara, ulikuwa ng'ombe. Wengine walikuwa na mifugo mingi kuliko ndugu zao waliobaki rizavu, maeneo yaliyotengewa Waafrika, na hilo liliwauma masetla. Miaka ya 1920 wengi wao wakaanza kuingia kwenye maziwa, wakaleta ng'ombe wa gredi, yaani wenye damu ya kigeni, wa bei kali, kiwanda cha krimu cha KCC, ushirika wa maziwa wa masetla, kikaanza Naivasha mwaka 1925, na ghafla ng'ombe wa skwota akawa mchafu, analeta kupe, analeta magonjwa. Woga wa magonjwa ulikuwa na ukweli wake, siukatai, ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, haina mchezo. Lakini hesabu nyingine ilikuwa rahisi zaidi: mtu mwenye ng'ombe 40 hana haraka ya kwenda kukamua wa mwenzake alfajiri kwa shilingi chache. Ukimnyang'anya ng'ombe utampata. Basi mifugo ikapunguzwa kwa lazima, uuze kwa bei yoyote au uondoke nayo, na wazee wanaukumbuka ufagiaji huo kwa jina la kifagio.

Haikuishia hapo. Sheria mpya ya 1937, iliyoanza kazi 1940, ikazipa halmashauri za masetla uwezo wa kupanga skwota abaki na ng'ombe wangapi au asiwe nao kabisa, alime ekari ngapi, na siku za kazi zikapandishwa hadi 240 na hata 270. Katikati ya miaka ya 40 wengi walikataa kuweka kidole kwenye mikataba ya namna hiyo, wakafurushwa. Sasa wewe unakuja kuniambia alikaa bure na akafukuzwa kwa uvivu!

Ushauri wangu, na nitaurudia mpaka nizeeke: ukimhoji bibi yako usianze na "mlilipwa ngapi". Hiyo atakujibu kwa neno moja. Muulize mlifika na ng'ombe wangapi na waliisha lini, utakaa pale mpaka jioni.

Madai mengine ninayoletewa nayapitia haraka.

"Kipande kilikuwa kitambulisho tu." Hapana. Kilianza kutumika kama 1920, kwa wanaume Waafrika wa miaka 16 kwenda juu, karatasi yenye alama za vidole ndani ya kasha la chuma ambalo wengi walilivaa shingoni. Mwajiri ndiye anajaza umeanza lini, unalipwa ngapi, ameshakuachilia au bado. Asipokuachilia huajiriki kwingine kihalali, na kutoroka kazi kulikuwa kosa la jinai, faini au jela. Ukikipata kwenye sanduku la zamani nyumbani tafadhali msikipige pige brashi, leteni kama kilivyo.

"Walilipwa kila mwezi." Mwezi gani? Tiketi ya kibarua, karatasi ya kuhesabia siku zake, ilikuwa siku 30 za kazi iliyofanyika kweli, siku ukiugua au usipotokea haihesabiwi, kwa hiyo mwezi mmoja ungeweza kuvutwa hata wiki 6. Na ile posho ya unga wa mahindi, kwa kawaida ratili 2 (karibu kilo moja) kwa siku, ilihesabiwa kama sehemu ya malipo. Skwota mwenye shamba lake mara nyingi hakupata hata hiyo.

"Mzungu ndiye aliwafundisha kufuga." Hapa huwa nacheka. Lord Delamere mwenyewe, setla maarufu kuliko wote, alipoanzia Njoro mifugo ilimfia kwa wingi, nyasi za pale zina upungufu wa madini, jambo ambalo Wamaasai walilijua ndio maana hawakuwa wanakaa pale na ng'ombe. Baadaye alihamishia mifugo Soysambu, ranchi yake ya Elmenteita, na wachungaji aliowategemea walikuwa Wamaasai hao hao, ambao jamii yao ilikuwa inahamishwa kutoka Bonde la Ufa na kisha Laikipia kwa mikataba ya 1904 na 1911. Josho, lile dimbwi la dawa la kuogeshea ng'ombe kuua kupe, na mbegu za kigeni zilikuja na masetla, ni kweli, lakini aliyesimama kando ya josho la arseniki kila wiki akirushiwa maji usoni, na aliyelala bomani akisikilizia simba, mnamjua alikuwa nani.

"Wote walikuwa Wakikuyu." Wengi ndiyo, hasa upande wa Naivasha na Nakuru. Lakini kulikuwa na Wakipsigis, Wanandi, Waluhya, na ranchi za Laikipia zilijaa Waturkana na Wasamburu. Ukoo wako usijitoe kwenye hii historia mapema.

"Uhuru ulipokuja waligawiwa mashamba." Baadhi walipata. Mpango wa ekari milioni ulioanza 1962 ulikata mashamba ya setla yaliyonunuliwa, na aliyepewa ploti aliichukua kwa mkopo wa kulipa kwa miaka. Ranchi nyingi kubwa za ng'ombe hazikuguswa, zilibaki vile vile au zikabadilisha mwenyewe nzima nzima, na kuna wachungaji waliozaliwa pale, wakazeeka pale, na mwenye shamba mpya alipofika akawakuta kwenye orodha ya wafanyakazi wala si ya wenye ardhi. Kama babu yako ni mmoja wao, usipoteze muda kumtafuta kwenye hati za ploti. Anza na vitabu vya mishahara vya ranchi yenyewe, kama bado vipo.